Flashi Niliyoisingizia

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Windows 7 ndiyo iliyoniangusha. Nimewaambia wenzangu wenye steshenari, nikamwambia shemeji yangu alipotaka ushauri juu ya kompyuta za shule anayoisimamia. Maelezo yalikuwa yamenyooka: mfumo wa zamani, muda wake umekwisha, virusi vikapenya. Kila aliyesikia alinipa pole. Ila sivyo ilivyokuwa. Na kabla sijaihamishia lawama Windows, kuna watu wawili niliowatwika lawama hiyo hiyo, na wote wawili hawakuwa na kosa.

Nina steshenari Morogoro, kwenye njia wanayopita wanafunzi. Kazi ni zile zile za steshenari yoyote: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kubaindi ripoti, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi, na msimu ukifika, kuwajazia watoto wa watu maombi ya chuo na ya mkopo. Kompyuta kubwa ya dukani ilikuwa ya mezani, imeshatumika Ulaya kabla ya kuja kwetu, RAM GB 2, na fundi alikuwa ameipiga Windows 7 kwa DVD aliyokuja nayo kwenye begi. Leseni haikuwapo. Badala yake aliweka aktiveta, kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa.

Siku moja kioo kikawa cheusi, na chini kulia yakatokea maandishi madogo kwamba nakala hii si halali. Fundi akaja, akanieleza kuwa kuna sasisho lililoshuka kwa intaneti, na hilo ndilo linalokagua leseni. Dawa akaitoa palepale: akaweka aktiveta nyingine, akaingia kwenye mipangilio, akazima masasisho yote.

"Bosi, hapa usiguse tena. Ukiruhusu apdeti tu, inarudi nyeusi."

Nikamlipa, nikamshukuru, na mteja aliyekuwa anasubiri kopi zake akahudumiwa. Uamuzi wa kuhamia mfumo mpya au kutohama ulifanyika dakika ile, nami sikujua kama nimeamua chochote. Tangu hapo nilikuwa nimeifunga kompyuta yangu kwenye tarehe moja. Kila aliyekuja na swali la kuhamia mfumo mpya alikuwa anagusa, bila kujua, jambo ambalo sikutaka liguswe.

Julai 2015 Microsoft ilipotoa Windows 10, iliwapa wenye Windows 7 na 8.1 halali mwaka mzima wa kuhamia bure. Mimi sikuwa miongoni mwao. Hilo sikumwambia mtu. Nilisema Windows 10 ni nzito, inakula bando, inapeleleza watu. Na ubaya ni kwamba yote hayo yalikuwa na chembe ya ukweli. Mashine ya GB 2 ingetambaa kweli. Faili la kuhamia lilikuwa la gigabaiti kadhaa, na kwa anayenunua bando la siku hilo si jambo la mzaha. Mwaka 2016 hata mradi wa Chinko, unaolinda wanyamapori katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulilalamika hadharani kwamba kompyuta yao ilianza kujipakulia Windows 10 yenyewe kupitia intaneti ya setilaiti, huko porini wanakolipia kila megabaiti kwa uchungu. Wale walikuwa na haki ya kukataa. Mimi niliazima hoja yao ili nisitaje ya kwangu.

Mei 2017 nikapata nafasi ya kujitapa. Tarehe 12 mwezi huo kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka dunia kwa saa chache, kikafunga mafaili na kudai fidia. Uingereza hospitali za umma zilirudisha wagonjwa nyumbani, na wakaguzi wa serikali baadaye walikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilivurugika. Redioni na vijiweni ikawa inasemwa Windows XP, Windows XP, ile iliyoachwa na Microsoft tangu Aprili 2014. Nikawaambia wateja wangu, "Mnaona? Wenye XP ndio wanaolia. Sisi tuko 7." Ukweli ulikuja kujulikana siku zilizofuata: sehemu kubwa kabisa ya kompyuta zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati ule bado ulikuwa unapewa viraka vya usalama. Kiraka cha lile tundu kilikuwa kimetolewa Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliopigwa hawakuwa wamekiweka. Yaani walikuwa kama mimi. Kilichoninusuru ni bahati tu, na kijana mmoja wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliyesajili anwani fulani ya mtandao iliyokuwa imefichwa ndani ya kirusi na bila kutarajia akakizima.

Habari hizo nilizisoma. Kuna wanaokosea kwa kutojua, na ningependa kujiweka kundi hilo, lakini siwezi. Nilisoma, nikaelewa, nikafunga ukurasa, nikaendelea kutoa kopi.

Januari 14, 2020 huduma ya Windows 7 ikakoma. Kesho yake kompyuta nyingi za Windows 7 duniani zilionyesha tangazo la kioo kizima kumwarifu mwenyewe kwamba muda umekwisha. Kwangu halikutokea. Tangazo lenyewe lililetwa na sasisho.

Machi mwaka huo vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Waliokuwa mwaka wa mwisho walirudi kwa kasi, kila mmoja na risechi yake mkononi, tarehe za kukabidhi zimebana. Steshenari zote za njia yetu zilijaa. Binti aliyekuwa ananichapia alikuwa hanyanyuki kwenye kiti: kurasa za mwanzo namba za Kirumi, jedwali la yaliyomo, marejeo, pambizo. Kwenye msongamano huo huo kukawa na watu wa maombi ya mtandaoni, ambao vyeti vyao tulikuwa tunaskani na kuviunganisha kuwa PDF moja, na mifumo ile haipokei faili kubwa. Unaskani vizuri, faili linakuwa kubwa, linakataliwa. Unaskani kwa ubora mdogo, mhuri hausomeki, linakataliwa.

Nilitaka programu ya kupunguza PDF bila kuharibu maandishi. Nilipakua moja ya bure, inayoaminika. Ikagoma kuingia, ikaniambia kuna faili la mfumo halipo kwenye Windows yangu. Nikatafuta jina la lile faili mtandaoni: huja na sasisho. Sasisho hilo sina, kwa sababu nimezima masasisho, kwa sababu nina aktiveta. Hapo ndipo ningeweza kusimama. Tovuti za kupunguza PDF bure zilikuwapo, nilizijua, nilikwepa bando la kupandisha na kushusha. Nikatafuta programu nyingine, ya kulipia, toleo la zamani linalokubali Windows 7 yangu, pamoja na kraki yake.

Nililipata furushi. Limefungwa kwa nenosiri, na nenosiri limeandikwa wazi pembeni yake. Mtu anaweza kujiuliza kufuli la nini kama ufunguo unauning'iniza mlangoni. Linawekwa ili antivirasi isichungulie ndani. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na agizo la kwanza lilikuwa kuzima antivirasi. Nikaizima. Sikufikiri hata kidogo, maana nilishazoea: kioo cheusi nilikipuuza, tahadhari za kivinjari nilizipuuza, hii ilikuwa tahadhari moja zaidi.

Binti alikuwa ameenda kula. Kwenye tundu la mbele la kompyuta kulikuwa na flashi ya mteja, mwanafunzi wa kike ambaye tasnifu yake binti alikuwa katikati ya kuipanga. Niliiona ile flashi. Nilikalia kiti, nikabofya.

Programu ya PDF haikufunguka. Badala yake likaja dirisha likisema Windows inajisasisha, subiri, usizime kompyuta. Kompyuta yenye masasisho yaliyozimwa miaka yote ile! Ndiyo hila ya baadhi ya matoleo ya kirusi kilichokuwa ndani ya lile furushi, kukuonyesha pazia la sasisho huku nyuma kikifanya kazi yake. Nami nilifanya nini? Nikasubiri. Nikamhudumia mtu wa kulamineti.

Niliporudi, picha ndogo za mafaili zote zilikuwa nyeupe. Kila jina lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni. Kila folda ilikuwa na karatasi ya maandishi ya Kiingereza, ya upole kabisa, ikinihakikishia kwamba mafaili yangu yanaweza kurudi: dola 980, au 490 kama nitawasiliana nao ndani ya saa 72. Kwa shilingi za wakati ule, zaidi ya milioni mbili na laki mbili, au nusu yake. Baadaye nilijua kilikuwa kirusi cha ukoo wa STOP, ambacho wengine hukiita Djvu, na njia yake kuu ya kusambaa ni hizo hizo programu za kraki.

Binti akaingia. "Bosi, mbona mafaili yamekuwa meupe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilichosema ni hiki: "Ile flashi uliiskani kabla ya kuifungua?"

Akasita. Foleni ilikuwa ndefu, hakuiskani. Kusita kwake kukanitosha.

Uongo huo ulikaa vizuri kwa sababu kwa siku nyingine ungekuwa kweli. Kila mwenye steshenari anazijua flashi za wanafunzi: unaichomeka, folda zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja mbili, ukibofya shotikati virusi vinaamka, na folda halisi zimefichwa humo humo. Hakuna ambaye angenibishia. Jioni mwenye flashi alipokuja nikamwambia kwamba flashi yake ilikuwa na virusi, vimetuharibia kazi za watu, na ya kwake pia imeondoka. Flashi yake, iliyoharibiwa na mkono wangu, ndiyo niliyoifanya mshitakiwa.

Akasema, "Samahani sana, kaka."

Aliniomba msamaha yeye. Sura tatu za kwanza alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe, kwa hiyo zilipatikana. Ya nne na ya tano, pamoja na masahihisho ya wiki nzima, hazikuwa popote pengine. Mwisho wa mwezi nikamkata binti elfu hamsini, nikaiita mchango wa hasara. Naandika hilo kwa haraka kwa sababu sioni namna ya kuliandika polepole.

Fidia sikulipa, na si kwa msimamo, hela hiyo sikuwa nayo. Kampuni ya usalama ya Emsisoft ilikuwa imetoa zana ya bure ya kufungua mafaili ya kirusi hicho Oktoba 2019, na kwa matoleo ya awali iliwasaidia wengi. Kwangu ilikataa: toleo jipya, ufunguo uko kwa wenyewe. Katika kuhangaika nikajifunza jambo moja la ajabu. Ili kwenda haraka, kirusi kile hakifungi faili lote, kinaharibu kilobaiti 150 hivi za mwanzo na kuliacha lililobaki. Wimbo wa MP3 umeundwa kwa vipande vingi vidogo vinavyojitegemea, hivyo ukirudisha jina lake unapiga, umepoteza sekunde chache tu za mwanzo. Video ya harusi kwa kutumia programu ya kurekebisha nayo ilipona kwa sehemu. Faili la Word ukiliharibu kichwa halifunguki. Basi kwaya zote zilizokuwa kwenye kompyuta yangu zilibaki zikiimba, na sura mbili za utafiti wa mtoto wa watu zikapotea.

Sasa nirudi kwenye Windows 7, niliyoilaumu baada ya hapo. Kirusi kile hakikuhitaji tundu lolote la Windows 7. Kiliingia kwa mlango wa mbele, nimeufungua mwenyewe, mlinzi nimempa likizo. Ningekuwa nimehamia Windows 10 kwa aktiveta ile ile na mazoea yale yale, yangenikuta yale yale. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuhama kungeniokoa, namwambia si lazima. Lakini mwenye kusema mfumo wa zamani hauna kosa naye simkubali. Mfumo ule haukuniua siku huduma yake ilipokoma. Ulinilea taratibu. Ulinifundisha kwamba tahadhari ni kelele, kwamba kila kinachogoma kina njia ya uchochoroni, kwamba kuzima ulinzi ni hatua ya kawaida ya kazi. Programu halali zilipoanza kunikataa, zilizonikubali zikabaki za wezi. Hiyo ndiyo gharama ambayo sikuihesabu nilipokuwa napiga hesabu za bando na RAM.

Swali lenyewe limenirudia tena. Baada ya yale yote nilinunua kompyuta nyingine mbili, za mtumba vilevile lakini zilizokuja na leseni yao ya Windows 10. Oktoba 14, 2025 Windows 10 nayo ikafika mwisho. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Zangu ni za kizazi cha 6. Fundi, si yule wa kwanza, akaniambia, "Bosi, huo ukaguzi unarukwa, nusu saa tu." Njia hiyo ipo kweli na Windows 11 inaingia. Ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine iliyorukishwa. Nikamwomba anisubiri kwanza.

Safari hii sikuuliza kama kompyuta inafanya kazi. Zote zinafanya kazi, hata ile ya zamani inafanya kazi. Niliuliza kila moja inagusana na nini. Inayopokea flashi za watu na kuingia mtandaoni kutwa nzima ndiyo iliyo hatarini, hata ingekuwa mpya. Hiyo nimeipiga Linux Mint, haina gharama, na prosesa ya zamani inaiweza. Flashi yenye shotikati ukiichomeka pale, folda zilizofichwa unaziona, na kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows kwa hiyo kinakaa tu. Sitadanganya kwamba ni raha. Jedwali lililopangwa kwenye LibreOffice likirudi kwenye Word ya mwanafunzi wakati mwingine mistari inahama, na nimeshagombezwa. Kwa hiyo kazi za mwisho za kupanga tasnifu zinafanyika kwenye kompyuta ya tatu, niliyoinunua yenye kizazi cha 8 na Windows 11 isiyorukishwa, na hiyo flashi ya mteja haiigusi: faili linapita kwanza kwenye Mint. Ya pili ya kizazi cha 6 nimeiuza, na mnunuzi nimemwambia kasoro yake. Laptopu ya mke wangu nyumbani iko kwenye mwaka wa nyongeza ambao Microsoft iliutoa kwa watumiaji binafsi wa Windows 10, hadi Oktoba 13, 2026, kisha tutaona.

Na ile ya Windows 7 bado ipo. Niliifuta yote, nikaipiga upya. Ina skana ya zamani ambayo kiwanda hakikuitengenezea driva ya mifumo iliyofuata, na skana hiyo inatoa picha nzuri kuliko mpya niliyonayo. Haina waya wa intaneti wala flashi ya mteja haichomekwi, inatumia moja tu ya dukani. Wateja wakiona kioo chake hunicheka. Waache wacheke, hiyo sasa ndiyo kompyuta isiyonisumbua kabisa.

Kilichobaki hakihusu mashine. Yule mwanafunzi sijampata. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la oda, na lile daftari lilishatupwa. Kama anasoma hapa: flashi yako ilikuwa safi, dada.

Binti nilimpata. Siku hizi ana duka lake dogo Kihonda, anachapa na kutoa kopi. Nilimpigia, nikamweleza yote, kuanzia aktiveta hadi lile furushi la nenosiri, na kwamba wakati wa kumuuliza kama aliiskani flashi nilikuwa najua jibu halina maana. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Sasa bosi," akasema, "ile elfu hamsini?"

Nikamwambia naituma sasa hivi.

"Na ya kutolea."